Choo cheupe, matapishi ya kijani: maswali ya wasomaji kuhusu upasuaji wa tumbo na ini kwa watoto

Barua za safari hii kutoka Mtwara na Lindi ni nyingi kuliko nafasi tuliyonayo. Tumechagua zinazohusu tumbo na ini la mtoto, kwa sababu karibu zote zinauliza jambo moja: tungoje au twende? Upasuaji wa watoto umepiga hatua kubwa, lakini kila mtoto ana muda wake wa kufaidika nazo, na muda huo huanza kuhesabiwa akiwa bado nyumbani. Wanaojibu ni madaktari wa upasuaji wa watoto pamoja na muuguzi wa wodi ya watoto wachanga.

Salaam madaktari. Mjukuu wangu ana wiki 6 na macho yake yana umanjano tangu siku za mwanzo. Tuliambiwa tumwanike jua la asubuhi, nasi hatujakosa hata siku moja. Ananyonya vizuri na ananenepa, ila choo chake ni cheupe. Jua tuendelee nalo hadi lini? – Bibi, Naliendele, Mtwara

Shikamoo bibi. Jua liacheni, na kesho asubuhi mtoto awe hospitali. Mpelekeni Ligula au Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini pale Mitengo, na mkifika semeni mapema: umanjano wiki 6, choo cheupe. Maneno hayo yanatosha kumfanya daktari aache mengine.

Umanjano wa kawaida wa mtoto mchanga huanza siku ya 2 au ya 3 na kwisha ndani ya wiki 2. Kwa njiti, wiki 3. Wapo wanaonyonya ambao umanjano wao huendelea mwezi na zaidi bila ugonjwa wowote, lakini hao choo chao ni cha njano na mkojo wao karibu hauna rangi. Mjukuu wako hayumo katika kundi hilo. Rangi ya choo hutokana na nyongo inayotoka kwenye ini kwenda kwenye utumbo. Choo kikiwa cheupe, cha kijivu au cha rangi ya krimu, ujue nyongo haifiki. Katika umri huu sababu kubwa ya kuihofia ni mirija ya nyongo kusinyaa na kuziba kabisa. Nyongo hurudi nyuma, ini hupata makovu, na bila matibabu wengi wa watoto hawa hufariki kabla ya kutimiza miaka 2. Kinachowapumbaza watu ni kwamba wiki za mwanzo mtoto huonekana mzima: ananyonya, anacheka, uzito unapanda.

Jua halisaidii hapa hata kidogo. Mwanga hubadilisha bilirubini, ile rangi ya njano iliyo kwenye damu, ambayo ini bado halijaichakata. Ile iliyokwisha kuchakatwa ikakosa njia ya kutokea haiguswi na mwanga. Kwa hiyo maabara ipime aina zote mbili: bilirubini ya jumla, na ile iliyochakatwa, ambayo huwa na mstari wake kwenye fomu ya majibu. Hiyo ya pili ikizidi miligramu 1 kwa desilita, yaani mikromoli 17 kwa lita, kuna tatizo la kutafutwa. Kipimo cha jumla peke yake kimewarudisha nyumbani watoto wengi waliokuwa wagonjwa.

Ultrasaundi ifanyike mtoto akiwa hajanyonya kwa saa 4. Akinyonya, kibofu cha nyongo hujikamua, na anayepima anaweza kudhani hakipo kumbe kipo. Atapimwa pia kaswende, maambukizi ya damu na ya mkojo, na homoni za tezi ya shingo, maana navyo huleta umanjano wa namna hii. Ombeni vyote vifanyike kwa pamoja. Damu Jumatatu, majibu Ijumaa, ultrasaundi wiki ijayo: hivyo ndivyo siku zinavyopotea. Mwulizeni pia daktari kuhusu sindano ya vitamini K kabla ya safari yoyote. Bila nyongo utumbo hauwezi kuinyonya vitamini hiyo, na mtoto anaweza kuvuja damu kichwani.

Ikithibitika, upasuaji wake ni ule uliobuniwa na Daktari Morio Kasai wa Japani miaka ya 1950. Mirija iliyokufa huondolewa pamoja na kibofu cha nyongo hadi mlangoni mwa ini, kisha kipande cha utumbo mwembamba cha sentimeta 40 hivi hupandishwa na kushonwa pale ili nyongo inayochuruzika ipate pa kupita. Ukifanyika kabla ya siku 60, nyongo huanza kutoka vizuri kwa nusu ya watoto au zaidi. Zikipita siku 90, nafasi hupungua sana. Mjukuu wako ana siku 42. Anahitaji bingwa wa upasuaji wa watoto, na kwa watu wa kusini kwa kawaida hiyo ni rufaa ya Muhimbili, takribani kilomita 560 kutoka Mtwara mjini. Mkiambiwa mrudi baada ya mwezi, mwulizeni daktari kwa adabu lakini bila kuona haya: mwezi ukipita atakuwa na siku ngapi?

Kuna anayeuliza kama upasuaji wa matundu madogo kwa kamera ni bora zaidi kwa ugonjwa huu. Hapana. Mpaka sasa njia ya kufungua tumbo haijapitwa. Usicheleweshe mtoto kwa kutafuta kamera.

Kwa wazazi wengine wote: angalieni choo cha mtoto mchana, kwenye mwanga wa nje, si kwa tochi ya simu. Weka kitambaa cheupe kama nepi. Mkojo wa mtoto mchanga ukiacha doa la njano iliyokolea, ni dalili. Taiwan huwapa akina mama kadi yenye picha za rangi za choo, na tangu waanze watoto wanafika kwa daktari mapema zaidi. Tungetamani sana kuona picha hizo zimechapishwa kwenye kadi ya kliniki hapa kwetu.

Mwanangu alifanyiwa huo upasuaji wa Kasai, sasa ana miezi 4. Choo kina rangi nzuri lakini haongezeki mwili. Mama mkwe anasema nimpe mafuta ya nazi. Je, ni sawa? – Mama, Masasi

Mama mkwe hajakosea, ila kiasi kipangwe na mtaalamu wa lishe. Mafuta mengi ya chakula huhitaji nyongo ili yanyonywe. Yapo mafuta ya minyororo ya kati ambayo huingia mwilini hata nyongo ikiwa haba, na mafuta ya nazi yana sehemu ya mafuta hayo, si yote. Hospitali ikiwa na maziwa au mafuta maalumu, hayo ndiyo bora. Yasipokuwepo, mafuta safi ya nazi huongezwa kidogo kidogo kwenye maziwa aliyokamuliwa, na akifikisha miezi 6, kwenye uji. Ukizidisha ataharisha na utakuwa umebomoa ulichojenga. Mtoto huyu huhitaji nguvu karibu mara moja na nusu ya mwenzake wa umri huo, pamoja na vitamini A, D, E na K za ziada.

Usitegemee mizani peke yake. Ini na wengu vikivimba, au maji yakijaa tumboni, uzito hupanda huku nyama zinakwisha. Kliniki wampime mzingo wa mkono kila mara.

Jambo la kukukesha ni homa. Utumbo ulioshonwa kwenye ini ni njia pia ya bakteria kupanda. Joto likifika nyuzi 38, choo kikififia au macho yakirudi kuwa manjano, aende hospitali siku hiyo hiyo akapewe dawa ya mshipa. Hospitali ya Ndanda ipo karibu nawe. Shurubati ya amoksilini ya duka la dawa haitoshi, na kila shambulio linaloachwa huongeza makovu kwenye ini. Akitapika damu au choo kikiwa cheusi, ni dharura hata kama ni usiku. Aspirini asipewe kamwe.

Tumeambiwa binti yetu wa mwaka mmoja atahitaji ini jingine. Mimi baba yake naweza kumpa langu? Nitaishi? – Baba, Lindi mjini

Unaweza kumpa kipande, na utegemee kuishi. Kwa mtoto mdogo huchukuliwa sehemu ya kushoto ya ini la mtu mzima, kama robo ya ini zima au pungufu. Ini hukua tena: lako litakaribia ukubwa wake ndani ya miezi michache, na kile kipande kitakua pamoja na mtoto. Kupandikiza kutoka kwa mzazi aliye hai kulifanikiwa mara ya kwanza mwaka 1989, nchini Australia, na tangu hapo kumewaokoa maelfu ya watoto ambao wangekufa wakisubiri ini la marehemu linalowatosha.

Utapimwa sana. Kundi lako la damu liwe linaoana na lake, si lazima liwe lile lile. Usiwe na homa ya ini B wala C, na ini lako lisiwe na mafuta mengi. Umri unaokubalika mara nyingi ni kati ya miaka 18 na 50 na kitu. Hatari ya mchangiaji kufa kwa kipande hiki cha kushoto ni takribani mtu 1 kati ya 1,000. Ni ndogo, lakini ipo, na ni haki yako kuambiwa kabla hujaweka sahihi. Nyongo kuvuja pale ini lilipokatwa hutokea mara nyingi zaidi, na kwa kawaida hutibika.

Muhimbili ilianza kupandikiza figo mwaka 2017. Kwa ini, watoto wa Tanzania kwa kawaida hupewa rufaa ya nje ya nchi, wengi wao India. Wakati mambo ya rufaa yanashughulikiwa, fanyeni kazi mbili. Ya kwanza ni lishe, maana mtoto aliyedhoofu huvumilia upasuaji vibaya. Ya pili ni chanjo: zile za virusi hai, kama ya surua na rubela, zikamilike kabla ya kupandikiza, kwa sababu baadaye kwa kawaida hazitolewi.

Katika vituo vikubwa, zaidi ya watoto 9 kati ya 10 huwa hai mwaka mmoja baada ya kupandikizwa. Kinachoharibu mambo baadaye ni dawa. Takrolimasi, dawa ya kuzuia mwili usilikatae ini, hunywewa mara 2 kwa siku, saa zile zile, maisha yote, na kiwango chake hupimwa kwenye damu. Eritromaisini na flukonazo hukipandisha mpaka figo zikaumia. Rifampisini ya kifua kikuu hukishusha mpaka mwili ukalikataa ini. Balungi asile. Na kabla hamjasafiri, ulizeni dawa hiyo mtaipata wapi mkirudi Lindi, nani atapima kiwango chake, na nani atalipa. Bila majibu ya maswali hayo matatu, upasuaji bado haujapangwa.

Nafanya kazi zahanati ya kijijini. Mtoto akizaliwa matumbo yakiwa nje, tufanye nini wakati tunasubiri gari? – Muuguzi, Tandahimba

Ahsante kwa swali hili, maana saa ya kwanza iko mikononi mwako.

Vaa glavu safi. Usijaribu kurudisha matumbo ndani. Mwingize mtoto kwenye mfuko wa nailoni safi unaopitisha mwanga, miguu hadi kwapani, matumbo yakiwa humo ndani, ufunge kwa ulegevu. Mfuko huzuia maji na joto kupotea, na unakuwezesha kuona rangi ya utumbo. Shashi iliyolowa maji usiitumie: hupoa haraka na kumpoza mtoto, na ikikauka hung'ang'ania. Mlaze ubavu wa kulia, matumbo yaegemezwe yasining'inie. Yakining'inia, mishipa yake hujikunja na utumbo huanza kuwa wa zambarau, kisha mweusi. Ukiona rangi inabadilika, mgeuze na kuyaegemeza upya.

Mpira wa puani namba 8 uingie hadi tumboni, uvute kwa bomba kila saa na uuache wazi. Asinyonye. Weka kanyula mkononi, si kitovuni. Maji ya chumvi ya asilimia 0.9 mililita 10 hadi 20 kwa kila kilo, kisha dripu yenye glukosi ya asilimia 10, kwa sababu utumbo ulio wazi hupoteza maji mengi na sukari ya mtoto hushuka upesi. Vitamini K miligramu 1. Ampisilini miligramu 50 kwa kilo pamoja na gentamisini kwa dozi ya mwongozo wenu. Kofia kichwani, joto lake likae kati ya nyuzi 36.5 na 37.5, na lipimwe pia ndani ya gari. Piga simu hospitali ya rufaa kabla gari halijaondoka, na umwandikie mama saa ya kujifungua na kila ulichompa mtoto.

Huko mbele, hatua kubwa ya miaka ya karibuni ni mfuko maalumu wenye pete, unaofunika matumbo mtoto akiwa kitandani, mara nyingi bila kumlaza usingizi. Matumbo hurudi kidogo kidogo kwa siku kadhaa. Pasipo na mfuko huo, madaktari wa Afrika hutengeneza wa kwao kwa mfuko wa mkojo au kondomu ya kike. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021, wa hospitali 264 katika nchi 74, ulionyesha kuwa kwa tatizo hili hufa mtoto 1 kati ya 100 katika nchi tajiri, 32 katika nchi za kipato cha kati, na 90 katika nchi maskini. Maumbile ya watoto hawa ni yale yale kila mahali. Wanachokosa wetu ni joto, maji, usafi na chakula cha kupitia mshipa, na vitatu vya mwanzo vinaweza kuanzia zahanati.

Mwanangu wa miezi 5 anapata choo mara moja kwa wiki, tena mpaka bibi yake amwekee kipande cha sabuni. Tumbo limejaa. Tangu azaliwe yuko hivyo. – Mama, Nachingwea

Neno la maana katika barua yako ni "tangu azaliwe". Choo cheusi cha kwanza hutoka ndani ya saa 24 kwa karibu watoto wote waliotimiza miezi. Kikipita saa 48, tumbo likajaa, tunafikiria ugonjwa wa Hirschsprung, ambapo sehemu ya mwisho ya utumbo mpana haina chembe za neva za kuusukuma uchafu. Hupata watoto takribani 1 kati ya 5,000, na wavulana ndio wengi. Sabuni acheni. Hukwangua ngozi ya ndani na haiponyi kitu. Enema ya mitishamba ni hatari zaidi: utumbo uliotanuka hutoboka.

Hospitalini atapigwa picha ya eksirei na kuchukuliwa kinyama kidogo kutoka ndani ya njia ya haja kubwa ili kipimwe kama kina chembe za neva. Kwa mtoto mdogo kinyama hicho huweza kunyonywa kwa kifaa bila kumlaza usingizi, maana pale juu hapana maumivu. Wakati wa kusubiri upasuaji, utumbo huoshwa kwa mpira laini na maji ya chumvi ya asilimia 0.9 yenye uvuguvugu, mililita 10 hadi 20 kwa kilo kwa mkupuo, yaingie na yatoke, hadi yatoke safi. Yasiwe maji ya bomba wala ya sabuni. Maji matupu huingia kwenye damu, yanashusha chumvi yake, na mtoto hupata degedege. Maji yakiingia yasitoke, simamisheni.

Tangu 1998 upasuaji huu unaweza kufanyika wote kupitia njia ya haja kubwa, bila kovu tumboni: sehemu isiyo na neva huvutwa nje, hukatwa, na ile nzima hushonwa mahali pake. Tumbo likiwa limetanuka sana kwa kuchelewa, kama inavyoelekea kuwa kwa mwanao, mara nyingi huanza kwa kutoa utumbo ubavuni kwa miezi kadhaa. Baada ya upasuaji atapata choo hata mara 8 kwa siku na makalio yatababuka. Mpake krimu ya zinki kabla ngozi haijachubuka. Hupungua kadiri miezi inavyokwenda.

Homa, kuharisha kwa kishindo chenye harufu kali na tumbo kujaa, iwe kabla au baada ya upasuaji, ni maambukizi ya utumbo yanayoua kwa siku moja au mbili. Hayo si ya kutibiwa kwa shurubati nyumbani.

Mifuko ya kolostomi ya mwanangu imekwisha na huku Liwale hatuipati. Joto nalo linaibandua. – Mama, Liwale

Mtoto aliyetolewa utumbo tumboni ili choo kipitie hapo anaweza kuishi bila mfuko. Osha ngozi kwa maji tu, ikauke kabisa, paka vaselini au krimu ya zinki kwa wingi kuzunguka utumbo, kisha funga kitambaa laini kama nepi na ukibadilishe kila kinapolowa. Mifuko ikipatikana usipake mafuta, maana gundi haitashika. Kata tundu lizidi utumbo kwa milimita 2 au 3 tu. Utumbo uwe mwekundu na wenye unyevu. Ukiwa wa bluu au mweusi, au ukichomoza mrefu usirudi, nenda hospitali. Kama uliotolewa ni utumbo mwembamba na kinachotoka ni maji maji, awe na ORS kila siku, kwani chumvi humwishia mwilini.

Kitovu cha mtoto kimechomoza, tumekifunga kwa sarafu. – Baba, Newala

Kifungueni. Sarafu haifungi ngiri ya kitovu, inaleta vidonda. Nyingi hujifunga zenyewe kabla ya miaka 4 au 5. Uvimbe wa kinena ni habari nyingine: huo hufanyiwa upasuaji mapema, na ukiwa mgumu, mtoto akilia na kutapika, ni siku hiyo hiyo.

Mjukuu wa miezi 7 alilia kwa vipindi, akatapika kijani. Wazee walisema mchango. Siku ya 3 alifanyiwa upasuaji, utumbo ukakatwa. Je, ni chanjo ya kuharisha iliyomfanya hivyo? – Babu, Kilwa Masoko

Shikamoo babu, na pole sana. Utumbo wake uliingia ndani ya utumbo, jambo linalowapata zaidi watoto wa miezi 4 hadi 10. Chanjo ya rota ilifuatiliwa katika nchi 7 za Afrika, Tanzania ikiwemo, na majibu yaliyochapishwa 2018 hayakuonyesha kuwa inaongeza tatizo hili. Wajukuu wengine wachanjwe.

Mtoto hulia ghafla, hukunja miguu tumboni, hupauka, kisha hutulia kama dakika 15 au 20, halafu huanza tena. Ule utulivu ndio unaowafanya watu wangoje. Choo cha kamasi na damu huja baadaye, na kwa mwingine hakiji kabisa. Akiwahi, tena tumbo likiwa halijatoboka, utumbo unaweza kurudishwa kwa hewa inayopulizwa kupitia njia ya haja kubwa kwa shinikizo linalopimwa, lisilozidi milimita 120 za zebaki, na wengi hupona bila kisu, mahali penye vifaa na bingwa wa karibu iwapo utatoboka. Zikipita siku 2, damu huwa imekatika na kipande kimeoza.

Matapishi ya kijani kwa mtoto mchanga au wa miezi michache yahesabiwe kuwa utumbo umeziba au umejisokota mpaka daktari aseme vinginevyo. Asipewe chakula, dawa ya mchango wala maziwa. Kutoka Kilwa Masoko anzeni hospitali ya wilaya, awekewe dripu na mpira wa puani kabla ya kusafirishwa, na msingoje basi la asubuhi. Chukueni kadi ya kliniki na barua ya rufaa. Huduma kwa watoto chini ya miaka 5 katika hospitali za serikali zina msamaha kisera. Mkidaiwa fedha msizoziweza, mmoja abaki na mtoto na mwingine aende ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali hiyo. Barua ya mtendaji inaweza kufuata kesho.